Wana wa Mac: Majina ya Kiskoti Katika Habari za Nchi Zetu

Mtu yeyote asomaye habari za Afrika ya Mashariki hukutana upesi na majina yaanzayo kwa Mac au Mc. Mackay alikata njia. Mackinnon alileta meli. Mackenzie alikuwa askofu, na Mackenzie mwingine alikuwa mkuu wa Mombasa. Macdonald alipima njia ya reli. Macleod alikuja Dar es Salaam kuzungumza habari za uhuru. Majina haya hufanana kama mbegu za mhindi mmoja, na mwanafunzi wa Korogwe au wa Handeni akiyasoma kwa haraka huyachanganya, akampa mtu huyu kazi ya mtu yule.

Hasara ya kuchanganya hivyo si kukosa alama katika mtihani tu. Watu hawa wameingia katika habari za nchi zetu, wengine kwa mema, wengine kwa mambo ambayo hatuwezi kuyasifu. Asiyeweza kuwatenga hawezi kujua nani alifanya nini, wala nani alipata faida na nani alipata hasara. Kwa hiyo katika mazungumzo haya twataka kueleza kwanza maana ya jina lenyewe, kisha tuwataje wenye majina hayo mmoja mmoja, hasa wale ambao mambo yao yaligusa nchi za Uzigua, Bonde na Usambaa.

Maana ya Mac

Uskoti ni nchi iliyo kaskazini mwa Uingereza, yenye milima mingi, baridi kali na visiwa vingi upande wa magharibi. Watu wa milimani na visiwani walikuwa na lugha yao ya kale, iitwayo Kigaeli, ambayo si Kiingereza wala haifanani nacho. Katika lugha hiyo neno mac maana yake ni mwana wa kiume. Basi Macdonald ni sawasawa na kusema "bin Donald", kama watu wa pwani yetu wasemavyo Juma bin Ali. Mtoto wa kike katika Kigaeli hakuitwa Mac, bali Nic, kama vile sisi tusivyosema bin kwa mwanamke, tukasema binti.

Kila jina la namna hii lina mzee wake wa kale. Mackay ni mwana wa Aodh, na Aodh ni jina la zamani sana lenye maana ya moto. Mackenzie ni mwana wa Coinneach, maana yake mtu mwenye sura nzuri. Macmillan ni mwana wa mtu aliyenyolewa kichwa kwa desturi ya watawa. Macleod ni mwana wa Leod, na jina Leod si la Kigaeli kwa asili, bali lilikuja na watu wa kaskazini waliovuka bahari kwa majahazi yao wakakaa visiwani na kuoa huko. Msomaji wa pwani hataona ajabu kwa hayo, maana hata kwetu majina mengi yalikuja na watu wa baharini, na sasa ni yetu.

Wengi huuliza kama Mac na Mc ni majina mawili. Sivyo. Waandishi wa zamani walifupisha neno hilo ili kuokoa wino na nafasi, wengine wakaandika Mac, wengine Mc, na kila nyumba ikashika mwandiko wake. Wako wasemao kwamba Mac ni ya Waskoti na Mc ni ya watu wa Ayalandi, lakini kanuni hiyo si ya kweli. Miandiko yote miwili yaonekana katika nchi zote mbili.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hapana budi kulielewa. Bin yetu hubadilika kila kizazi. Juma bin Ali akizaa Hasani, mtoto huyo ni Hasani bin Juma, wala si bin Ali. Hapo kale Mac nayo ilikuwa hivyo. Lakini baadaye jina likasimama mahali pamoja, likawa jina la nyumba nzima, likarithiwa na mwana, na mjukuu, na kitukuu. Kwa hiyo mtu aitwaye Mackay leo si mwana wa Aodh. Aodh alikufa karne nyingi zilizopita, na baba wa Mackay huyu yaweza kuwa aliitwa Alexander au James.

Kwetu pia jambo hili si geni. Katika wilaya za Korogwe, Lushoto, Muheza na Handeni kuna majina mengi yaanzayo kwa She, kama Shemdoe, Shekilindi na Shemweta. Siku hizi hurithiwa kama majina ya nyumba, na msikiaji aliye mbali, Dar es Salaam au Mwanza, akisikia tu ile She ya mwanzo husema, "Huyu kwao ni Tanga." Hajui bado mtu huyo ni mwema au mbaya, ni tajiri au maskini. Amejua upande atokako, basi. Mac nayo hufanya kazi hiyo hiyo.

Ukoo na ardhi

Zamani kila jina kubwa la Mac lilikuwa na ukoo wake na nchi yake, na mkubwa wa ukoo alikuwa mwamuzi wa watu wake na jemadari wao vitani. Lakini si wote walioitwa kwa jina lake walikuwa wa damu yake. Mtu aliyekuja kuomba shamba na ulinzi aghalabu alilitwaa jina la mkubwa yule, na watoto wake wakalishika. Kwa hiyo Macdonald wawili waweza kuwa ndugu, nao waweza kuwa hawana udugu wowote.

Nguvu ya koo hizo ilivunjwa baada ya vita. Tarehe 16 Aprili 1746, mahali paitwapo Culloden, jeshi la Serikali lilishinda Waskoti wa milimani waliotaka mfalme wa nasaba nyingine. Baada ya hapo silaha zao zilichukuliwa, na hata mavazi yao ya asili yalipigwa marufuku mpaka mwaka wa 1782. Kisha wenye ardhi wakaona kwamba kondoo waleta fedha kuliko watu. Katika bonde la Strathnaver, nchi ya akina Mackay tangu kale, watu waliondolewa makwao katika miaka ya 1814 na 1819, na nyumba zikachomwa moto ili wasirudi. Wengi walisukumwa pwani kwenye mawe na upepo. Wengine walipanda merikebu wakaenda Kanada, na baadaye Australia.

Twayaeleza haya kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo sababu majina ya Mac yameenea duniani kote, hata kwa watu ambao hawajapata kuiona Uskoti. Pili, ni vema msomaji wa Kiafrika ajue kwamba miongoni mwa Wazungu pia walikuwako walionyang'anywa ardhi na kudharauliwa kwa lugha yao. Lakini tusidhani kwamba kila aliyeonewa atawahurumia waonewao. Wana wa Mac waliokuja Afrika walikuwa wa kila namna, kama tutakavyoona.

Mackay, mkata njia

Wa kwanza twamtaja Alexander Mackay, kwa kuwa alipita katika nchi ya Wazigua. Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Uskoti, akasoma uhandisi Edinburgh, akafanya kazi ya mitambo Ujerumani. Katika mwaka wa 1876 alifika Unguja pamoja na wamisionari wenzake, wakiwa wametumwa kwenda Uganda kwa Kabaka Mutesa. Kwanza walijaribu kupanda mto Wami kwa mashua, lakini mto huo una kona nyingi mno, wakaacha.

Mwaka wa 1877 Mackay alipewa kazi ya kukata njia kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, yapata maili 230. Saadani ulikuwa mji wa Wazigua, na mkubwa wake alikuwa Bwana Heri bin Juma, ambaye baadaye alipigana na Wadachi katika miaka ya 1888 hadi 1890. Njia ilipita nchi ya Uzigua, kusini mwa Handeni, ikaelekea milima ya Usagara. Mackay alipanga na kupima, lakini kazi ya shoka, panga na jembe, ya kukata miti na kuteremsha kingo za vijito, ilifanywa na vibarua Waafrika. Haifai kuwasahau kwa sababu vitabu havikuandika majina yao.

Kusudi la njia hiyo lilikuwa kupitisha magari ya kukokotwa na ng'ombe, ili mizigo isichukuliwe tena vichwani. Lilikuwa wazo jema, lakini ng'ombe walikufa njiani. Wenyeji wa Handeni wamjua adui huyo, maana ni mbung'o. Sababu hasa ya ugonjwa, yaani kijidudu kiingiacho katika damu ya mnyama kwa kuumwa na mbung'o, ilikuja kujulikana katika mwaka wa 1895, kwa utafiti wa daktari David Bruce alioufanya kusini mwa Afrika. Naye pia wazazi wake walikuwa Waskoti.

Mackay aliendelea mpaka Buganda, akafika katika mwaka wa 1878. Huko alitumia Kiswahili alichojifunza pwani, kwa kuwa barazani kwa Mutesa walikuwako waliokijua. Alifundisha kazi ya chuma na mbao, akachonga herufi, akapiga chapa kurasa za kusomea katika Kiganda. Alikuwako wakati wa Mwanga, vijana Wakristo walipouawa katika miaka ya 1885 na 1886. Mwaka wa 1887 alifukuzwa, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa Viktoria, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hapo alikufa kwa homa mwezi wa Februari 1890, naye alikuwa mtu wa miaka arobaini tu. Mifupa yake ilihamishwa mwaka wa 1927, ikazikwa Namirembe, Kampala.

Mackenzie wawili

Sasa twaja kwa watu wawili wenye jina moja kabisa. Charles Mackenzie alizaliwa Uskoti mwaka wa 1825. Alikuwa hodari wa hesabu katika chuo cha Cambridge, kisha akawa padre. Tarehe 1 Januari 1861 aliwekwa wakfu mjini Cape Town kuwa askofu wa kwanza wa misheni iliyoitwa ya Vyuo Vikuu, iliyoanzishwa baada ya Livingstone kuwaomba Waingereza walete dini na biashara halali Afrika ya Kati. Alikwenda mto Shire, katika nchi ambayo leo ni Malawi. Yeye na Livingstone walikutana na msafara wa watumwa, wakawafungua, na askofu akakaa pamoja na watu hao huko Magomero. Lakini mtumbwi wake ulipinduka, dawa za homa zikapotea majini, naye akafa tarehe 31 Januari 1862, kabla ya kutimiza hata mwaka mmoja katika nchi ile.

Mtu aweza kuuliza, askofu aliyekufa mbali hivyo ana nini na Korogwe? Jibu ni hili. Misheni yake haikufa pamoja naye. Mwaka wa 1864 ilihamia Unguja, na kutoka Unguja ikavuka bara, ikaja Magila katika nchi ya Bonde, kisha Korogwe, tena Kideleko karibu na Handeni. Askofu Edward Steere wa misheni hiyo ndiye aliyeandika sarufi ya Kiswahili iliyotumiwa na wengi. Shule na makanisa ambayo wazee wengi wa wilaya hizi walisoma na kusali ndani yake yalitoka katika shina hilo. Charles Mackenzie hakuiona Korogwe wala Handeni, lakini kazi aliyoianza ilifika.

Mackenzie wa pili ni George, mtu wa biashara, wala si wa dini. Katika mwaka wa 1888 alikuja Mombasa kuwa msimamizi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Alikuta mashaka makubwa. Watumwa wengi walikuwa wametoroka mashambani, wakakimbilia misheni ya Rabai na nyinginezo, na mabwana zao walikuwa tayari kupigana ili kuwarudisha. Mackenzie alifanya mapatano na mabwana hao, wakalipwa fedha, na tarehe 1 Januari 1889 watu wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru. Vita vikaepukwa, na watu wakawa huru. Lakini yafaa tuseme yote. Waliolipwa ni mabwana. Waliofanya kazi bila ujira miaka yote ile hawakuwa ndio waliohesabiwa kuwa wamepata hasara.

Wala tusifikiri kwamba Mackenzie hawa wawili walikuwa ndugu wa nyumba moja kwa sababu ya jina. Mmoja alikufa zaidi ya miaka ishirini kabla ya mwingine kushuka Mombasa.

Mackinnon na Macdonald

Kampuni tuliyoitaja ilikuwa ya William Mackinnon, aliyezaliwa Campbeltown, Uskoti, mwaka wa 1823. Alianza katika kazi ya duka, akaenda Bara Hindi mwaka wa 1847, akawa mwenye meli nyingi. Tangu mwaka wa 1872 meli za kampuni yake zilichukua barua na abiria mpaka Unguja, na hivyo akajuana na Sultani Barghash.

Katika mwaka wa 1877 Mackinnon alizungumza na Sultani ili akodishiwe utawala na ushuru wa bara yote iliyokuwa chini yake. Nchi za Handeni na Korogwe zingalikuwamo katika mkataba huo. Mwaka uliofuata mazungumzo yakavunjika. Kisha katika mwisho wa mwaka wa 1884 alikuja Mdachi Carl Peters, akapita Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami akiwatia wakubwa wa nchi sahihi katika karatasi ambazo hawakuweza kuzisoma. Mwezi wa Novemba 1886 Waingereza na Wadachi wakagawana bara, upande wa kusini ukawa wa Wadachi. Basi Mackinnon alipopata hati yake ya kifalme mwaka wa 1888, ilihusu nchi za kaskazini tu. Hivyo ndivyo mpaka ulivyokatwa kati ya ndugu wa Tanga na ndugu wa Mombasa, na katika mambo hayo yote hakuna mtu wa Handeni wala wa Korogwe aliyeulizwa shauri.

Hapa yafaa tuondoe kosa ambalo hutokea mara nyingi. Katika mwaka huo huo wa 1877, Mackay alipokuwa akikata njia kutoka Saadani, njia nyingine ilianza kukatwa kutoka Dar es Salaam kuelekea bara, kwa fedha za Mackinnon na rafiki zake. Hiyo ilifika zaidi ya maili 70, ikaachwa. Ziko basi njia mbili, miji miwili na watu wawili. Ya Saadani ni ya Mackay, mmisionari. Ya Dar es Salaam ni ya Mackinnon, mwenye meli. Jina la Mackinnon liko mpaka leo katika kituo cha reli kati ya Mombasa na Voi, ambapo pia pana msikiti unaojulikana sana na wasafiri. Yeye mwenyewe alikufa mwaka wa 1893, na kampuni yake ikaishiwa nguvu, Serikali ya Kiingereza ikaitwaa nchi mwaka wa 1895.

Kabla ya hapo kampuni ilikuwa imemtuma afisa mhandisi, James Macdonald, apime njia ya reli kutoka Mombasa mpaka ziwa Viktoria. Alifanya kazi hiyo katika miaka ya 1891 na 1892. Reli ilianza kujengwa mwaka wa 1896, ikafika ziwani mwishoni mwa mwaka wa 1901. Wadachi nao walikuwa wameanza reli yao kutoka Tanga mwaka wa 1893, lakini fedha ziliwapungukia, ikafika Korogwe mwaka wa 1902. Kwa hiyo Waingereza walikuwa wamekwisha kufika ziwa Viktoria kabla ya gari la moshi kulia Korogwe.

McMillan na Macmillan

Jina jingine lichanganywalo ni hili. William Northrup McMillan alizaliwa Marekani mwaka wa 1872, katika nyumba yenye asili ya Kiskoti, akaja Kenya akawa tajiri wa mashamba makubwa. Alikufa mwaka wa 1925, na nyumba ya vitabu ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka wa 1931 imeitwa kwa jina lake. Ni jengo zuri, lakini kwa miaka mingi ya kwanza Waafrika hawakuruhusiwa kusoma ndani yake.

Macmillan lionekanalo juu ya vitabu vingi vya shule ni la watu wengine. Daniel Macmillan, aliyezaliwa katika kisiwa cha Arran, Uskoti, mwaka wa 1813, alianzisha pamoja na ndugu yake Alexander kampuni ya kupiga chapa vitabu mwaka wa 1843. Kitukuu wa maskini wa kisiwa kile, naye ni mjukuu wa Daniel, alikuwa Harold Macmillan, Waziri Mkuu wa Uingereza tangu mwaka wa 1957 hadi 1963. Ndiye aliyesema mjini Cape Town, tarehe 3 Februari 1960, kwamba upepo wa mabadiliko ulikuwa ukivuma katika Afrika. Wenye nchi walikuwa wameusikia upepo huo mapema kuliko yeye, lakini neno lile liliwaonyesha walowezi kwamba Serikali yake nayo imeusikia.

Macleod na akina MacDonald

Waziri wa Makoloni katika siku za Harold Macmillan alikuwa Iain Macleod. Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1913, lakini wazazi wake walitoka kisiwa cha Lewis, Uskoti. Mwezi wa Machi 1961 alikuja Dar es Salaam, akawa mwenyekiti wa mkutano uliofanywa katika Ukumbi wa Karimjee pamoja na Julius Nyerere na wenziwe. Hapo ilikubaliwa kwamba Tanganyika iwe huru kabla ya mwaka kwisha, na tarehe 9 Desemba 1961 ikawa huru.

Kabla ya hapo Tanganyika ilikuwa imepata Gavana mwenye jina la namna hii, Sir Harold MacMichael, tangu mwaka wa 1934 hadi 1938. Na Kenya nayo ilikuwa na Malcolm MacDonald, aliyezaliwa Lossiemouth, Uskoti, mwaka wa 1901. Alikuwa Gavana wa mwisho mwaka wa 1963, akakabidhi utawala kwa Jomo Kenyatta. Baba yake, Ramsay MacDonald, alizaliwa katika umaskini, akawa mwaka wa 1924 Waziri Mkuu wa kwanza wa chama cha wafanya kazi cha Uingereza. Huyu MacDonald wa uhuru asichanganywe na Macdonald wa reli. Kati ya kazi zao yapita miaka sabini.

Jina liwarudishalo watu

Sasa tumewataja wageni vya kutosha. Je, jina lina nguvu gani kwa wenyewe wa nchi? Kwa kujibu twatoa mfano wa Handeni yenyewe.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa njaa kali iliingia Uzigua. Watu wengi waliteremka pwani kutafuta chakula, wakapakiwa majahazini, wakauzwa utumwani katika nchi ya Wasomali. Baadhi yao walitoroka, wakakaa katika misitu ya mto Juba, wakalima na kujilinda. Masimulizi yao yamtaja kwa heshima mwanamke aliyewaongoza, Wanakhucha. Walikaa huko zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Hawakuwa na vitabu wala ramani. Walikuwa na lugha yao, Kizigua, na jina lao, Wazigua, wakawarithisha watoto.

Vita vya Somalia vilipowaka mwaka wa 1991, wengi wa watu hao walikimbia. Wako waliokuja Tanzania kwa njia ya bahari, wakapelekwa Handeni, kwanza Mkuyu, na tangu mwaka wa 2003 Chogo. Wenyeji waliwasikia wakisema maneno wanayoyaelewa. Baadaye wengi wao walipewa uraia wa Tanzania. Mababu zao walitoka Uzigua wakiwa na njaa, na vitukuu wakarudi Uzigua wakiwa wakimbizi. Kama wangaliacha jina na lugha, wangalifika kama wageni mahali popote. Kwa kuvishika, walifika kwao. Mwacha asili ni mtumwa, wasema wazee, na watu hawa hawakuiacha hata katika utumwa wenyewe.

Mambo ya kushika

Basi msomaji akutanapo na jina la Mac, au Kimweri, au jina lolote lililobebwa na wengi, na ajiulize mambo matatu. Kwanza, ni yupi, na kwao ni wapi? Pili, aliishi mwaka gani? Tatu, alifanya nini, na nani alipata faida? Hata katika Usambaa, Kimweri ye Nyumbai aliyekufa mwaka wa 1862 akiwa mfalme mkuu wa Vuga si Kimweri Maguvu, mwana wa Semboja wa Mazinde, aliyetawala nchi ikiwa imekwisha gawanyika. Jina ni moja, lakini siku zao na mambo yao ni mbalimbali.

Tena twawaomba wazazi na walimu wa Handeni na Korogwe wawaulize wazee maana ya majina ya nyumba zao maadamu wapo, na watoto wayaandike katika daftari, pamoja na jina la babu, la bibi, na la kijiji walikotoka. Waskoti waliyaandika majina yao, ndiyo sababu leo mtu wa Kanada aweza kukijua kijiji alikofukuzwa babu wa babu yake. Vibarua waliokata njia ya Saadani walikuwa na majina pia, na wajukuu wao labda wamo katika vijiji vyetu, lakini hakuna aliyeyaandika.